Zamu yake atakabidhiwa nani?

Wiki iliyopita mliuliza: "Je, shahada ya uzamili ya afya ya mama na mtoto inamsaidia mama aliyeko leba?" Swali lenu limenikuta pabaya. Kwenye droo yangu kuna barua ya binti mmoja wa wodini anayeomba ruhusa ya miaka 2 kwenda kusoma hiyohiyo shahada. Barua lazima ipite kwangu kwanza. Leo ni siku ya 11 na sijaandika juu yake hata neno moja.

Kwa hiyo mtanisamehe nikijibu swali langu badala ya lenu. Kama shahada inamsaidia mama au haimsaidii, sijui nianzie wapi. Ninachojiuliza ni kwamba mkunga akiondoka, zamu yake anakabidhiwa nani?

Mimi ni mkunga wa stashahada, huu ni mwaka wa 19 leba, katika hospitali moja ya wilaya huku Kanda ya Kati. Walioko serikalini wanaijua hesabu yake. Mtu akienda masomoni kwa ruhusa ya mwajiri, jina lake halitoki, na ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi, inasoma kwamba nafasi ina mtu. Huwezi kuomba mwingine. Kwenye karatasi tuko 8, wodini tuko 7, na mmoja akiuguliwa na mtoto tunabaki wawili usiku na akina mama 9, kila mmoja anaita "nesi" kwa sauti yake.

Na akishamaliza? Niliowaona mimi, wengi hawakurudi kuvaa aproni. Walirudi ofisini, au mradi ukawachukua, tukawa tunawaona wakishuka kwenye gari jeupe kuja kutukagua. Mwenye shahada ya uzamili akionekana anazoa damu saa tisa usiku, watu wanamhurumia, wanadhani amegombana na mkubwa.

Msimamo wangu ulikuwa huo nilipoanza kuandika. Lakini siwezi kuuandika hadi mwisho bila kumtaja Refa.

Refa alikuwa mwenzetu. Aliondoka kwenda kusoma, tukamsema sana, na mwaka wa pili akarudi kukusanya data za tasnifu yake. Alikuja na kibali cha maadili, ubao wa kuandikia, na saa ya kuhesabia sekunde aliyoining'iniza shingoni kama mwalimu wa michezo. Jina la Refa alipewa na wahudumu siku hiyohiyo. Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni na kupima muda: mtoto anatoka saa ngapi, asipolia anaanza kupumulishwa baada ya muda gani. Hakuruhusiwa kugusa kitu ila maisha yakiwa hatarini. Fikiria unakimbizana na mama watatu, na mtu uliyewahi kula naye ugali sahani moja ameketi kwenye stuli anakuandika.

Usiku mmoja wa masika aliletwa mzazi wa mimba ya kwanza. Alifika kwa bodaboda na mama mkwe wake, kanga zimelowa chapachapa, njia imeshafunguka yote. Mwenzangu wa zamu alikuwa amemsindikiza mama mwingine thieta. Nikabaki mimi, na Refa kwenye stuli yake. Mtoto akatoka saa sita kasoro, wa kiume, mlegevu kama kitambaa kibichi. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, kimya. Nikanyoosha mkono kuchukua ambu, ule mfuko wa kubana unaompulizia mtoto hewa.

Kabati limefungwa. Ufunguo uko mfukoni kwa mwenzangu, na mwenzangu yuko thieta.

Nilikimbia. Ukumbi ulikuwa na maji ya mvua, yeboyebo moja ikanivuka njiani, nikaendelea na mguu mmoja peku. Nikagonga mlango wa thieta, nikapewa ufunguo, nikarudi. Refa alikuwa ameuweka ubao chini, anamsugua mtoto huku akimwita "baba, baba". Nikafungua, nikambandika barakoa, nikabana ambu, kifua kikapanda. Nikabana tena. Alilia tukiwa tumeshaanza kutazamana kwa ile namna ambayo wakunga wanaijua. Nje mama mkwe akapiga kigelegele. Sisi wawili ndani hatukusema kitu.

Asubuhi kwenye chai Refa akanisogezea karatasi. Dakika 3 na sekunde 40 tangu mtoto atoke mpaka pumzi ya kwanza ya ambu. "Mikono yako ilitumia sekunde 30, dada," akasema. "Zilizobaki 190 ni za ufunguo."

Nilikasirika, nikamwambia amesahau leba inavyokuwa. Nilikasirika kwa sababu cheti cha mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua ninacho. Dakika ya dhahabu naijua: asiyepumua awe ameanza kupumulishwa ndani ya dakika ya kwanza. Nilifanya kwa mdoli, nikapata alama zote. Ila mdoli alikuwa mezani, na ambu ubavuni pake.

Sasa niseme jambo ambalo hata Refa sikumwambia. Aliyeshauri lile kabati lifungwe ni mimi. Mwaka mmoja kabla, ambu yetu ilipotea, nikaandikishwa barua ya maelezo kana kwamba nimeiuza sokoni. Ambu mpya ilipokuja nikasema, hii itafungiwa. Kila mtu akaona ni busara.

Refa alinieleza baadaye kwamba mwaka 1994 Thaddeus na Maine waliandika kuhusu kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Kuchelewa kwa kwanza na kwa pili hutufurahisha, maana tunamlaumu mume, mama mkwe na barabara. Kwa tatu ni kwetu sisi. Kisha akanionyesha namba. Vifo vya akina mama Tanzania vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022. Tumepongezwa, na tulistahili. Watoto wanaofariki kabla ya kutimiza mwezi walikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000. Utafiti wa 2022 ukakuta 24. Nilipoziona hizo namba nililikumbuka kabati.

Mtaniambia kuona ufunguo hakuhitaji shahada. Ni kweli. Mfagiaji wetu angeweza kuliona hilo, na pengine aliliona, ila nani angemuuliza? Tena mpango wa Safer Births, uliofanyika katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ulijengwa juu ya wakunga kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini, na matokeo yaliyotoka 2025 yalionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vimepungua kwa asilimia 18. Hakuna aliyepelekwa chuo kikuu miaka miwili ili kubana ambu. Hoja hiyo iko upande wangu. Halafu najiuliza ni nani aliyekaa akahesabu.

Fundi wa hospitali aliung'oa ule mlango wa kabati wiki ileile. Mpaka leo halina mlango, na ambu haijapotea tena.

Refa alihitimu, akakaa nasi miezi 8, mradi ukamchukua. Simlaumu. Namlaumu kidogo.

Yule mama alirudi kliniki na mimba ya pili. Nilimtambua kwa mama mkwe. Nikamuuliza kaka mtu hajambo, akasema alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, lakini sasa anatembea. Nikamjazia kadi. Sikuuliza zaidi.

Kuhusu barua ya binti, nimeandika "Napendekeza aruhusiwe." Chini yake nimeongeza kwamba tasnifu yake aifanyie hapa, juu ya tatizo la hapa, na akirudi apangwe leba mwaka mzima kabla hajahamishiwa popote. Masharti hayo hayana nguvu yoyote, katibu wa afya atacheka akiyasoma. Na kama mwakani mtaniuliza tena, tukiwa tumebaki 6, huenda nikajibu vingine.

Jana wakati wa kukabidhiana zamu nilimuuliza binti, zamu zako za usiku nitampa nani?

"Sista, si upo wewe?" akasema, akaenda kunawa mikono.