Kupandisha ukuta wa zamani: kozi mbili ndiyo, tatu hapana

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Nina nyumba ya vyumba vitatu Chanika, Dar es Salaam, ya tofali za inchi 5. Kutoka sakafuni hadi juu ya ukuta ni mita 2.6. Linta (zege la juu ya milango na madirisha) imezunguka nyumba nzima, na juu yake kuna kozi moja, yaani safu moja ya tofali. Bati liko chini mno, mchana ndani hakukaliki. Fundi anataka tuezue, tuongeze kozi tatu, kisha turudishe kenchi (fremu za mbao za paa) zilezile. Je, msingi utahimili?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Msingi ukiwa mzima utahimili. Tofali la inchi 5 lina takriban kilo 26, kwa hiyo hata ukijumlisha plasta na zege, unaongeza kama kilo 250 au 300 kwa kila mita ya ukuta, na huo si mzigo wa kuutisha msingi wa mawe. Lakini ukiona nyufa zinazopanda kama ngazi kutoka chini hadi kona za madirisha, usiguse kitu kabla mhandisi hajafika kuukagua.

Kinachonisumbua ni wembamba wa ukuta. Kiwango cha Uingereza cha BS 5628, ambacho kiliondolewa 2010 lakini wahandisi wengi tumefundishwa nacho, kilitaka kimo cha ukuta kikigawanywa kwa unene wake bila plasta, jibu lisizidi 27. Tofali lako ni sm 12.5, hivyo mwisho wako ni kama mita 3.37. Kozi tatu ni sm 75, yaani unafika mita 3.35, na bado hujamwaga mkanda wa juu, yaani zege la kufunga ukuta kileleni. Ukiumwaga umepita. Usipoumwaga, ukuta mwembamba unabaki huru kileleni huku upepo ukilivuta bati, na hilo silikubali kabisa.

Jenga kozi mbili, kisha mwaga mkanda wa zege wa sm 20 kuzunguka nyumba yote, kuta za ndani zikiwemo. Utapata sm 70, karibu sawa na ulizotaka, na utaishia mita 3.3. Mkanda uwe na nondo nne za mm 12, ringi (nondo za kuzifunga hizo nne) za mm 8 kila sm 20, zege la 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto.

Sehemu inayorukwa na mafundi wengi ni kufunga kipya na cha zamani. Kwenye kila kona na kila makutano ya kuta, vunja ile kozi moja mpaka uione linta. Toboa linta, pitisha nondo ya mm 12 iingie walau sm 15, tundu ulijaze gundi ya epoksi, halafu acha nafasi ya nguzo ndogo itakayopanda mpaka ndani ya mkanda. Kwingineko bandua mchanganyiko wote uliolegea juu ya tofali za zamani, sugua kwa brashi ya waya, lowesha, ndipo upange.

Kenchi zishushwe, zisiinuliwe kwa magogo huku watu wakijenga chini yake. Ukiwa unamwaga mkanda, chomeka vipande vya nondo vya kufungia kenchi, maana msumari peke yake hautoshi. Mwagilia zege siku 7 kabla ya kupandisha mbao.

Kuhusu joto, urefu utasaidia, ila weka matundu ya hewa pande zote mbili juu ya dari, la sivyo hewa ya moto itabaki humo humo. Chukua kibali halmashauri, na ezua kati ya Juni na Septemba, masika yakiwa yamekwisha.