Nimerudi kutoka Malawi, nyumbani sielewani na mtu

Assalamu alaykum Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, nina miaka 26, kwetu Wete, Pemba. Nilikwenda Malawi kujitolea miezi minane kwenye wodi ya watoto, na huu ni mwezi wa pili tangu nirudi. Usiku silali. Kuna mtoto wa miaka mitatu alinifia mikononi tukisubiri damu. Nyumbani hakuna jengine ila harusi ya dada yangu. Juzi nilipodaiwa pesa ya sare, nilimwambia mama mdogo mbele za watu kwamba wanachezea pesa na watoto wa wenzao wanakufa. Tangu siku hiyo mama hasemi nami ila kwa haja. Hawa watu hawajui kitu, Shangazi. Nafikiria kurudi Malawi. Nifanyeje?

Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Pole. Nakupa pole ya msiba, maana ndio nilioukuta kwenye barua yako. Umefiwa na mtoto, kisha ukateremka bandarini Mkoani ukapokewa kwa vigelegele. Hakuna aliyekupa mkono wa tanzia kwa sababu hakuna aliyejua, nawe hukuwaambia.

Sasa hilo neno lako, "hawajui kitu". Mwanangu, dawa mseto ya malaria ilianza kutumika Zanzibar mwaka 2003, na kuanzia 2006 vikaja vyandarua vyenye dawa na watu wa kupuliza majumbani. Wewe ulikuwa mdogo. Wodi iliyojaa malaria umekwenda kuikuta ugenini, lakini sisi tuliikuta hapa hapa. Nilikuwa mkunga Pemba miaka mingi. Naikumbuka kope ya mtoto ukiifunua, ndani nyeupe kama tui, malaria imeshamla damu, anahema mbavu zinaingia ndani, na nje baba na wajomba wanaulizana nani akatolewe damu. Watoto wawili, watatu kitanda kimoja. Mama yako ni wa zama hizo. Lipi lilimfika yeye, mimi silijui. Wewe umewahi kumuuliza?

Usimuweke kitako ukamhutubia lakini. Karafuu zikishuka, usiku jamvi likitandikwa, kaa ubavuni mwake mchambue. Karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, huku, mikono ina kazi na hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Hapo maneno hutoka. Nakwambia nililolipitia. Mwaka mmoja nililetewa mzazi kwa ngarawa kutoka kisiwa cha Fundo, kafungwa kanga mbili tumboni, na damu ilikuwa imeshamwishia njiani. Hatukumuwahi. Nilirudi nyumbani nikakaa wiki nne sisemi, chai naitazama mpaka inapoa. Mkwe wangu hakuniuliza kitu. Alinisogezea ungo tu. Usiku wa tatu wa kuchambua nikamhadithia, nilipofika kwenye zile kanga nikashindwa, nikalia juu ya makonyo. Aliniacha nikamaliza. Kisha akanitajia jina la mwanawe wa pili, ambaye miaka yote niliyoishi katika nyumba ile sikujua kama aliwahi kuzaliwa.

La sare ulikosea, na sitakuzungushia maneno. Harusi ya dada yako haikumuua mtoto yule. Mama mdogo kachangisha shilingi kwa shilingi ili mtoto wa dada yake asiaibike mbele ya wakwe, wewe ukamvunjia heshima hadharani. Nenda kwake kwa miguu yako, usimtumie ujumbe wa simu. Mshike mkono, umuombe radhi, umpe na hiyo pesa. Ukiweza kumwambia kwa nini ulisema vile, mwambie. Ukishindwa, radhi inatosha kwa siku hiyo.

Kurudi Malawi sikukatazi, wanahitaji wauguzi na wewe unaipenda kazi. Ila usikate tiketi wakati mama yako hasemi nawe. Ngoja harusi ipite, mara hii uwe ndani ya sare.

Jengine ni la kiuuguzi, na wauguzi ndio wagumu kuambiwa. Ukipata homa yoyote miezi hii, kapime malaria siku ile ile na useme umetoka Malawi; vimelea huweza kukaa mwilini wiki kadhaa, hata miezi, kabla hujaumwa. Kikohozi kikipita wiki mbili, kapime kifua kikuu. Na huo usingizi, ukimaliza mwezi mwengine bado haujarudi, nenda kwa daktari wa afya ya akili. Si wazimu huo. Likikujia wazo la kutotaka kuishi, usisubiri mwezi wala wiki. Mwambie mtu usiku ule ule, asubuhi mwende pamoja hospitali.

Yule mtoto alikuwa na jina, nawe najua unalijua, ingawa hukuliandika. Mtajie mama yako.