Maswali ya Wasomaji: Ruhusa ya Kupita Barabarani Hutolewa na Nani?

Katika barua zilizotufikia safari hii, tatu zinauliza jambo lile lile kutoka pande tofauti: mtu anayetaka kupita barabarani na watu wake, kwa dufu, tarumbeta au mabango, aende kwa nani kwanza? Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la moja linasaidia kuielewa nyingine.

SWALI: Assalaam aleikum, Bwana Mhariri. Madrasa yetu hutoka na zefe ya maulidi kila Mfungo Sita, kuanzia Kibokoni hadi uwanja wa Makadara, na miaka yote tumekwenda kwa mazoea tu. Safari hii afisa mmoja ametuambia kwamba bila ya kibali cha kaunti hatutapita, na polisi nao wanasema kibali ni chao. Tumfuate nani? Na ada tunayotajiwa ni halali?
— Mwalimu wa madrasa, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, Maalim. Kila mmoja kati ya hao wawili ana sehemu yake katika shughuli yenu, lakini hakuna aliyepewa mamlaka ya kuwaruhusu au kuwazuia kwa kadiri apendavyo.

Tuanze na polisi. Zamani Sheria ya Utaratibu wa Umma, Sura ya 56, ilidai leseni, na asiyepewa leseni hakuwa na la kufanya ila kukaa nyumbani. Mabadiliko ya mwaka 1997 yaliiondoa leseni hiyo na kuweka notisi mahali pake, kisha Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 37, ikatamka kwamba kila mtu ana haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Kwa hiyo mnachopeleka kituoni ni taarifa, nayo haisubiri kutiwa saini ya kukubaliwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu barua nyingi nilizozisoma huanza na maneno “Tunaomba ruhusa”, na mtu akiombwa ruhusa huona kwamba ana haki ya kuinyima. Andikeni hivi: “Tunakuarifu, kwa mujibu wa kifungu cha 5 cha Sheria ya Utaratibu wa Umma, kwamba tutakuwa na maandamano ya maulidi siku fulani.” Kituo kikiwa na fomu yake, jazeni fomu hiyo.

Notisi hupelekwa kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, wa eneo lenu, si chini ya siku tatu wala si zaidi ya siku 14 kabla ya tarehe yenyewe. Itaje majina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa, na njia mtakayopita, mtaa kwa mtaa. Hapo kwenye saa pana jambo linalowahusu hasa watu wa zefe. Sheria inataka shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mkitoka baada ya sala ya alasiri hamtakuwa na zaidi ya saa mbili na kitu. Watoto wakichelewa kupangwa mistari, na kila kona ikisimamishwa ili kaswida imalizike, Magharibi itawakuta njiani. Ningekuwa mimi, ningetoka asubuhi. Pia msitegemee kwamba sheria haiwahusu kwa kuwa shughuli ni ya dini: nafuu inayotajwa humo kwa shughuli za dini na za kijamii inahusu mikutano, nayo zefe ni maandamano, tena katikati ya barabara.

Chukueni nakala mbili, moja ibaki kituoni na nyingine mrudi nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. OCS anawajibika kuweka daftari la notisi zote, na daftari hilo ni la umma: mtu yeyote anaweza kuliangalia saa za kazi. Ikiwa kuna watu wengine waliotangulia kuleta notisi ya siku, saa na mahali pale pale, yeye huwaarifu, nanyi mnachagua siku nyingine. Siku ya shughuli, mwandalizi au mtu aliyemteua lazima awepo mwanzo hadi mwisho na asaidie kuweka utulivu. Afisa wa cheo cha inspekta au zaidi anaweza kuwasimamisha ikiwa masharti ya notisi yamekiukwa au ikiwa kuna hatari ya wazi na ya karibu ya amani kuvunjika. Kutopendezwa kwake tu si sababu.

Sasa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti barabara za kaunti, magari na maegesho, udhibiti wa kelele, burudani za umma, na bustani na viwanja vyake. Maana yake ni kwamba mkitaka barabara ya kaunti ifungwe, uwanja uwekwe kwa jina lenu, au vipaza sauti vifungwe juu ya gari, hapo mtabisha hodi kaunti, na huko ni kibali kweli. Lakini kaunti kuwapa uwanja ni jambo moja, na kudai kwamba miguu yenu haiwezi kukanyaga barabara bila karatasi yake ni jambo jingine, na hili la pili silioni katika Jedwali hilo.

Kuhusu ada, Ibara ya 210 inasema kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa ila kwa sheria. Muulizeni huyo afisa, kwa adabu na mbele ya shahidi, ada hiyo imo katika kipengele gani cha Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka huu. Kaunti nyingi hutoza misafara ya matangazo, ile ya wafanyabiashara wenye malori na muziki, na mara nyingine karani huichukua ada ya msafara wa sabuni akaibandika kwa watoto wa madrasa wenye dufu. Akikuonyesheni kipengele kinachowahusu, lipeni na mpewe risiti rasmi. Akishindwa kukionyesha, hamna deni.

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha vijana hapa Morogoro kinataka kutembea na bendi ya tarumbeta kuhamasisha usafi wa mitaa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ametuandikia barua ya kuturuhusu. Je, inatosha?
— Katibu wa kikundi, Morogoro

JIBU: Haitoshi, ndugu Katibu, ingawa ni vizuri kuwa nayo, kwa kuwa inawatambulisha. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kifungu cha 43, inataka taarifa ya maandishi kwa afisa wa polisi anayesimamia eneo lenu, angalau saa 48 kabla, ikitaja mahali, saa na madhumuni. Mkishaitoa mnaweza kuendelea, isipokuwa mmepokea agizo la kuzuia, na agizo hilo lazima liwe na sababu kama vile hatari ya kuvunjika kwa amani. Mnaweza kulikatia rufaa kwa Waziri.

Tanzania nayo ilikuwa na kibali hapo awali. Mchungaji Christopher Mtikila alikipeleka mahakamani, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, akaona kwamba haki iliyotolewa na Katiba haiwezi kutegemea hiari ya afisa. Sheria ikarekebishwa mwaka uliofuata. Hata hivyo kilichoandikwa na kinachotendeka havilingani kila wakati. Vyama vya siasa vilizuiwa kufanya mikutano ya hadhara tangu mwaka 2016 hadi Januari 2023, na taarifa ya saa 48 ilikuwamo katika sheria muda wote huo. Shughuli ya usafi haitapata misukosuko ya namna hiyo, lakini ihifadhini nakala yenye muhuri.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Tunaishi Ohio, Marekani, na wengi wetu tumetoka Kongo, Burundi na Tanzania. Tunataka kuandamana katikati ya mji tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Karani wa mji ametupa fomu ya maombi inayotaka siku 60 na ada, kisha akauliza mabango yetu yatasema nini. Nyumbani tulizoea kumwarifu polisi tu.
— Msomaji, Ohio

JIBU: Marahaba. Huko mlipo mambo yamegeuka: mji wenyewe ndio unaotoa kibali, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliukubali utaratibu huo mwaka 1941, katika kesi ya Mashahidi wa Yehova waliotembea kwa safu mitaani Manchester, New Hampshire, bila leseni. Ada ilifika hadi dola 300, na mahakama haikuona kosa, kwa kuwa ilikusudiwa kufidia gharama za mji.

Lakini mahakama hiyo hiyo imeufunga mji mikono. Ijumaa Kuu ya mwaka 1963 watu 52, wakiongozwa na wachungaji akiwamo Fred Shuttlesworth, mpigania haki za watu weusi, walitembea wawili wawili kando ya barabara huko Birmingham, Alabama, na Shuttlesworth akahukumiwa kwa kuandamana bila kibali. Kabla ya hapo walikuwa wamekwenda kukiomba, na kamishna wa mji akawajibu kwamba hawatakipata na kwamba atawapeleka jela. Kanuni ya mji iliwaruhusu makamishna kukataa kwa kuangalia “maadili” na “ustawi”, maneno mapana yanayobeba chochote. Mwaka 1969 hukumu ikatenguliwa: kibali lazima kiwe na vigezo finyu na vya wazi. Mwaka 1992 ikaja zamu ya kaunti ya Forsyth, Georgia, ambako msimamizi aliweza kupanga ada hadi dola 1,000 kwa siku kwa kukadiria ghadhabu ambayo ujumbe ungeleta. Hilo nalo likafutwa. Kwa hiyo karani anaweza kuuliza idadi yenu, njia na saa, lakini maneno ya mabango hayawezi kupandisha ada wala kuwanyima kibali.

Hizo siku 60 nazo zina mushkeli. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa inayohusu Ohio na Michigan ilitengua kanuni ya mji wa Dearborn iliyodai maombi siku 30 kabla, na ilijali hasa vikundi vidogo. Hata hivyo msitegemee kesi hiyo kwa kutoka bila kibali; pelekeni fomu mapema, kisha andikeni barua mkilalamikia muda. Na jaji akitoa amri ya kuwazuia, itiini huku mkikata rufaa, kwani mwaka 1967 waliopuuza amri ya namna hiyo huko Birmingham walishindwa hata ingawa kanuni yenyewe ilikuwa mbovu.

Mkiwa wachache mnaweza kutembea kando ya barabara mkifuata taa, na miji mingi haidai kibali kwa hilo. Mkitaka barabara ifungwe, mwombeni karani nakala ya kanuni ya mji kabla ya kulipa, mwone mji unatakiwa kuwajibu katika siku ngapi, na mkikataliwa rufaa inakwenda kwa nani.