Maswali Yenu: Je, mchikichi wa tenera ni spishi mpya?

SWALI: Huku tunahimizwa kupanda tenera badala ya dura, na bwana shamba anasema zinatofautiana kwa jeni moja tu. Nami nimesikia kuwa mimea ya visiwani hubadilika jeni ikawa spishi mpya. Je, tenera ni spishi mpya? Na mbona mbegu nilizookota chini ya tenera zangu zimeota dura? — Mkulima, Ujiji

JIBU: Ndugu, dura, tenera na pisifera zote ni mchikichi uleule. Jeni inayoamua unene wa ganda la kokwa ina nakala mbili katika kila mti, moja ya mama na moja ya baba. Dura ina mbili za ganda nene. Pisifera ina mbili zisizojenga ganda, na mikungu yake kwa kawaida huharibika kabla ya kukomaa. Tenera ina moja ya kila aina, yaani moja ya ganda nene na moja isiyojenga ganda, ndiyo maana ganda lake ni jembamba na nyama ya mawese ni nyingi.

Tenera ikichavushwa na tenera, kwa wastani kila miche 4 hutoa dura 1, tenera 2 na pisifera 1. Ikichavushwa na dura ya jirani, nusu ni dura. Nawe huwezi kuzuia, kwani mchikichi hutoa maua dume na jike kwa zamu, hivyo chavua nyingi hutoka mti mwingine ikibebwa na fukusi na upepo. Nunua mbegu za dura iliyochavushwa kwa pisifera chini ya uangalizi. Hizo hutoa tenera tupu. Ukiokota, kosa utaligundua miti ikishaanza kuzaa, na shamba limeshajaa.

Kuchanganyika huko ndiko kunakozuia spishi mpya. Kisiwani bahari huzuia chavua ya kule mimea ilikotoka. Tena mbegu chache zilizofika hubeba sehemu ndogo tu ya jeni za asili, na katika kundi dogo jeni adimu huweza kuenea au kupotea kwa bahati tu.

Ajabu ni kisiwa cha Lord Howe, Australia, chenye kilomita za mraba zisizofika 15. Jamaa wawili wa mchikichi, Howea forsteriana na Howea belmoreana, wametokana na babu mmoja humohumo, bila bahari kuwatenga. Wa kwanza hustawi zaidi kwenye udongo wenye chokaa, wa pili kwenye udongo wa volkeno. Vilele vya kuchanua vimepishana kwa takriban wiki 6, kwa hiyo mara nyingi chavua ya mmoja hukuta maua ya mwenzake bado au yamepita. Kwangu, kalenda hiyo ya maua ndiyo ukuta wenyewe.

SWALI: Kuna njia ya haraka zaidi ya spishi mpya kutokea? — Msomaji, Kasulu

JIBU: Ipo: seti za kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni) kuongezeka maradufu. Mmea wenye seti 4 ukizaa na ndugu wa seti 2, mtoto hupata 3, ambazo hazigawanyiki sawa, naye huwa tasa. Ndizi zetu nyingi ziko hivyo, kromosomu 33 katika seti 3, hazina mbegu na hupandwa kwa machipukizi. Wenye seti 4 wakizaliana wenyewe, wametengana na wazazi papo hapo. Huko Hawaii, babu wa namna hiyo, chotara aliyeongezeka seti na mwenye asili ya California, amezaa spishi zipatazo 30, kuanzia mimea itambaayo hadi miti.