Maji hujaa, maji yanajaa: Kiingereza kilivyonilowesha Jambiani

Mwaka wangu wa kwanza wa kutembeza wageni nilishuka pwani ya Jambiani, hapa Unguja, na mtu na mkewe, maji yamekupwa, kwenda kutazama mwani. Ilikuwa bamvua, na kule kwetu bamvua hukupwa mbali na hurudi kwa haraka. Tulipofika kwenye vigingi nikaona mkondo ushaanza kuingia nyuma yetu. Nikawaambia, "The tide comes in."

Bwana akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupiga picha kiti cha pwani, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, maneno yale yale. Akanishukuru kwa maelezo. Tulirudi maji yakiwa kiunoni, kamera kaiweka juu ya kichwa kama mama aliyebeba beseni.

Nilichomwambia ni kwamba maji hujaa. Jambo la kweli, hujaa mara mbili kwa siku, lakini hakuna anayekimbia kwa kuambiwa hivyo. Nilitakiwa niseme, "The tide is coming in."

Sisi "yanajaa" inatutosha kwa yote mawili, la kila siku na la sasa hivi, na hapo ndipo tunapoponzwa. Dawa niliyoipata ni hu-. Kabla hujafungua mdomo, jaribu sentensi yako kwa hu-. Ikikubali bila kuharibu maana, tumia kitendo kitupu, bila "is" wala -ing. Kima punju wa msitu wa Jozani hula majani: "They eat leaves." Huyu aliye juu ya tawi, anatafuna mbele ya macho yenu, hu- haimfai: "It is eating a leaf." Na hiyo "is" usiidondoshe. Wala usiipachike pasipo kazi. "I am live in Jambiani" naisikia kila siku kwa vijana wetu, nadhani inatokana na ni- ya "ninaishi". Sema "I live" basi.

Kuna vitendo havitaki -ing hata jambo liwe la dakika hii: know, want, need, understand. Mgeni akikuuliza kama umemfahamu, jibu "I understand". Sisi tunasema "nimefahamu", kwa hiyo wengi hujibu "I have understood", na mgeni anahisi kama anazungumza na hakimu.

Hiyo -me- yetu ndiyo iliyonisumbua kuliko zote, na skuli sikuwahi kuisikia ikielezwa. Amevaa kanzu: usiseme "he has worn", maana yuko nayo mwilini: "He is wearing a kanzu." Amekaa barazani: "He is sitting." Nimechoka: "I am tired." Lakini ukitaja jambo lililoanza zamani na bado lipo, hapo "have" ina kazi yake. Kina mama wa pwani yetu wanalima mwani tangu 1989, na ulimi utakuvuta useme "They are farming since 1989". Useme, "They have farmed seaweed since 1989."

Ile s ya mtu mmoja haina maneno mengi. "She farms", "he dives". Ila ni kofia moja ya ndugu wawili: "does" akishaivaa, mwenzake anabaki kichwa wazi. "Does she live here?" Ukisema "lives" umewavika wote.

Ratiba nayo hutumia kitendo kitupu, hata kama safari ni ya kesho: "The boat leaves at seven tomorrow." Hiyo seven ni saa moja yetu. Habari ya saa ina mkasa wake, siigusi leo.

Mazoezi yangu nayafanya ndani ya daladala ya kwenda mjini, kimoyomoyo. Namtazama utingo: "He is hanging on the door." Halafu naongeza: "He hangs on the door every day." Utingo mwenyewe keshanizoea, akiniona midomo inacheza huniuliza, "Leo nafanya nini, mwalimu?"