Wiki ya marehemu katika hoteli ya kisiwani: je, mjane na mayatima wanadaiwa?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mjane, naishi Bukavu, nina watoto wanne na mkubwa ana miaka 16. Mume wangu alikuwa akileta nguo kutoka Dubai. Huko kampuni moja ilimwalika kwenye chakula cha bure, akatoka na mkataba wa taimshea: wiki moja kila mwaka, wiki ya 33, katika hoteli ya kifahari kwenye kisiwa kimoja cha Bahari ya Hindi, mpaka mwaka 2049. Bei ilikuwa dola 9,500, akaimaliza yote. Juu yake kuna ada ya matunzo ya kila mwaka. Ilianza dola 640, ikawa 690, 760, 830, na mwaka huu 905. Alilipa nne za kwanza, lakini tulikwenda mara mbili tu. Ada ya tano ilidaiwa Januari, naye akafariki Februari. Sasa kampuni inaniandikia kwamba warithi wameingia mahali pake. Kwenye matanga ustadhi mmoja alisema ada hizi zote ni deni la marehemu na nafsi yake itabaki imefungwa mpaka tulipe ya mwisho. Nimeanza kuuza bidhaa za butike. Ndugu wengine wananiambia niwapeleke watoto wakae ile wiki ya Agosti ili pesa isipotee, na wengine wanasema hoteli kama ile ni haramu hata kuikanyaga. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Mama, Mwenyezi Mungu amrehemu mume wako, ampanulie kaburi lake, na akulelee hao wanne. Jambo la kwanza: simamisha kuuza bidhaa za butike leo hii. Ulichoambiwa kwenye matanga si hukumu ya dini, na nitaeleza kwa urefu kwa nini, kwa sababu maneno haya yanazunguka sana katika misiba yetu na yameshaondoa mali mikononi mwa mayatima wengi.

Kwamba deni la marehemu hutangulia mirathi, hatubishani. Aya za mirathi katika Suratun Nisaa zimelirudia: "baada ya wasia aliousia au kulipa deni". Ustadhi alishika hadithi ya Abu Hurayra aliyoipokea Tirmidhi, kwamba nafsi ya muumini hufungwa na deni lake mpaka lilipwe. Hadithi hiyo tunaikubali. Makosa yake ni mawili: amelitoa deni kwenye mali ya marehemu akaliweka kwenye shingo za walio hai, na ameita deni kitu ambacho bado hakijawa deni.

Tuanze na la kwanza. Saad bin Al-Atwal alifiwa na ndugu yake, akataka kuzitumia pesa zilizoachwa kwa watoto wa marehemu. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia ndugu yako amefungwa na deni lake, basi mlipie. Wenye kuwatisha wajane huishia hapo. Lakini wasome mwanzo wa hadithi hiyo hiyo katika Ibn Majah: marehemu aliacha dirham 300. Malipo yalitoka katika alichokiacha, si katika jasho la Saad. Na jeneza lilipoletwa, likaulizwa kama lina deni, wakasema lina dinari tatu na hakuacha kitu, Mtume alisema "Mswalieni mwenzenu", yeye akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni kwa hiari yake. Imo katika Bukhari, kutoka kwa Salama bin Al-Akwa. Mbona hakuitwa mjane wake? Mbona hawakuitwa watoto? Lingekuwa jukumu lao, pale ndipo pangekuwa mahali pa kulisema. Kisha Mwenyezi Mungu alipomfungulia Mtume nchi, akasema kwamba anayekufa na deni bila kuacha cha kulilipa, ni juu yake Mtume kulilipa, na anayeacha mali, mali ni ya warithi wake. Mzigo ulipelekwa hazina ya Waislamu. Haukupelekwa kwa mjane. Na Qur'ani imekata shauri katika Suratu Fatir: hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine.

Sasa la pili. Ada ya matunzo ya mwaka 2030 ni malipo ya usafi, umeme, walinzi na ukarabati wa mwaka 2030. Huduma hiyo haijatolewa, chumba hakijafunguliwa, na kiasi chenyewe hakijulikani, kwa kuwa kampuni hukipanga upya kila mwaka. Deni ni haki iliyothibiti katika dhima ya mtu alipokuwa hai. Kitu ambacho hata kampuni haiwezi kukitaja kwa tarakimu leo, kimethibiti vipi katika dhima ya mtu aliyefariki Februari? Hesabu yenyewe inatisha: kuanzia 2026 mpaka 2049 ni miaka 24, na kama ada isingepanda hata dola moja, ni dola 21,720, zaidi ya mara mbili ya bei aliyonunulia. Kumwambia mjane wa Bukavu, katika mji ambao banki zilifunga milango mwanzoni mwa 2025, kwamba mume wake hatapumzika mpaka alipe kiasi hicho, ni kumzulia Mwenyezi Mungu. Naomba ndugu yangu ustadhi arudi kwenye nyumba hiyo akalisahihishe neno lake mbele ya wale wale waliolisikia.

Nijuavyo, kuna watakaonijibu kwa madhehebu yetu ya Shafi: ijara, yaani mkataba wa kukodi, haivunjiki kwa kifo cha mkodishaji wala cha mpangaji, kwa hiyo mkataba unaendelea. Kanuni ni kweli, na wanazuoni walio wengi wako nayo. Mahanafi ndio wanaosema ijara huisha kwa kifo. Lakini kanuni hiyo ni ya ijara sahihi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 huko Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu taimshea pale watu wanaponunua kweli sehemu za jengo kwa ushirika wakagawana zamu, au wanapokodi manfaa ya muda unaojulikana, kwa sharti masharti ya kununua au kukodi yatimie. Sharti kubwa la ijara ni ujira ujulikane. Mkataba wa marehemu una ujira wa namna mbili: dola 9,500 zinazojulikana, na ada isiyojulikana na isiyo na kikomo mpaka 2049. Mtume alikataza biashara ya gharari, yaani yenye jambo la msingi lisilojulikana, kama alivyopokea Muslim, na gharari iliyo wazi zaidi ya kumpa muuzaji ruhusa ya kujipangia bei kwa robo karne siijui.

Ijara ikiharibika, kinacholipwa ni ujira wa mfano: kiasi ambacho chumba kama kile hukodishwa sokoni kwa muda ambao mpangaji alikabidhiwa. Tafuta bei ya wiki moja ya Agosti katika hoteli za daraja lile kisiwani hapo. Tuseme ni dola 850. Marehemu aliwekewa wiki nne, hata kama alikwenda mbili. Hizo ni dola 3,400. Yeye alilipa 9,500 pamoja na ada za miaka minne, 2,920, jumla 12,420. Mbele ya Mwenyezi Mungu kampuni imeshapokea zaidi ya haki yake mara tatu na nusu. Kwa hiyo hata ile 905 ya Januari siioni kuwa deni. Anayeona mkataba ulikuwa sahihi ataihesabu, kwa kuwa iliiva akiwa hai, na nauheshimu mtazamo huo. Ukitaka kutoka kwenye shaka, ilipe kutoka fungu lako la thumni (moja ya nane), au kaka wa marehemu ajitolee, ila kwa njia ya wakili nitakayoieleza chini, si kwa kuituma mwenyewe. Mafungu ya watoto yasiguswe. Kuhusu wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma, aya ya 10 ya Suratun Nisaa imetaja moto matumboni, na anayefungua sanduku la yatima kwa fatwa isiyo na dalili ajiangalie.

Hiyo ni hukumu ya dini. Kampuni haitasoma Fiqhi, kwa hiyo hatua za kisheria nazo zifuatwe.

Toa mkataba, tafuta kurasa za sahihi. Kama jina lako na sahihi yako vipo kama mnunuzi wa pili au mdhamini, wewe mwenyewe umefunga ahadi, na mlango wako ni mwingine: usiandike chochote kabla avoka (wakili) hajausoma. Kama hakuna aliyesaini ila yeye, endelea. Angalia ulinunuliwa umiliki wenye hati iliyosajiliwa huko kisiwani, au haki ya kutumia tu. Tarehe ya mwisho ya 2049 inaonyesha ni haki ya kutumia, na hiyo ni nyepesi zaidi kuiacha. Angalia pia mkataba unafuata sheria ya nchi gani, na kifungu kinachotaja kifo.

Kisha pata cheti cha kifo katika ofisi ya hali ya raia ya komini, kitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa kwa lugha ya mkataba. Avoka aandike barua moja fupi: mwenye mkataba amefariki tarehe fulani, warithi hawaupokei, wiki ya 33 wanaiachia, na dai lolote lililoiva kabla ya kifo lipelekwe kwa msimamizi wa mirathi pamoja na vielelezo. Itumwe kwa njia inayobaki na ushahidi wa kupokelewa. Tangu sasa usisaini fomu yoyote ya kubadilisha jina, hata wakikuambia ni ya kusafisha rekodi tu, na usitume hata dola 50 kama dalili ya nia njema. Katika nchi nyingi anayetumia au kulipia mali ya marehemu huhesabiwa ameikubali, pamoja na madeni yake.

Hapo ndipo penye jibu la safari ya Agosti. Kukaa katika hoteli nzuri kisiwani si haramu. Mwenyezi Mungu ameuliza katika Suratul Aaraf ni nani aliyeharamisha pambo lake alilowatolea waja wake, na bahari haina dhambi. Wanaosema kuikanyaga ni haramu wameongeza katika dini. Eda yako, miezi minne na siku kumi, ikishaisha, na ukiwa na mahramu wa kusafiri naye, ungeweza kwenda kama mgeni yeyote: chumba chenye jiko, kwa sababu vyumba vingi vya taimshea vina jiko lake, bila kifurushi cha kula na kunywa vyote, maana bei yake hubeba pombe, na bahari saa za alfajiri, kabla ufukwe haujajaa. Lakini wewe usiende kwa wiki hii. Ili ufunguliwe chumba ni lazima kwanza ulipe 905, kisha utawekewa karatasi mezani usaini kama mwenye wiki, na barua ya avoka itakuwa imekufa. Ongeza nauli ya watu sita, kutoka Kamembe, ng'ambo ya mpaka huko Rwanda, hadi Kigali na kuendelea: pesa unazoogopa zisipotee ni ndogo kuliko utakazozifuata nazo.

Na kuiuza? Wengi hudhani taimshea ni mali kama kiwanja. Sivyo. Sokoni wiki hizi hutangazwa kwa dola 1 na hazipati mtu, kwa kuwa mnunuzi hurithi ada. Jiandae kwa simu: mtu atasema amepata mnunuzi tayari, mwenye bei nzuri, ila utangulize kodi au gharama za uhamisho. Ni wizi. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Puerto Vallarta, Mexico, waliohusishwa na genge la madawa ya kulevya la CJNG, kwa ulaghai wa namna hii hii dhidi ya wenye taimshea. Anayekudai kwanza ili akulipe baadaye, kata simu.

Neno kwa wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai, kwa kuwa mwaliko wa chakula bado upo. Huahidiwa dakika 90, hukaa saa nne, muuzaji wa kwanza akishindwa huja wa pili na bei iliyoshuka, na punguzo hufa ukitoka mlangoni. Haraka hiyo imewekwa makusudi, kwa sababu nyingi ya nchi zenye biashara hii zimelazimika kumpa mnunuzi siku za kurudi nyuma: Umoja wa Ulaya siku 14, na ndani yake ni marufuku kupokea hata arbuni, Florida siku 10, Hawaii siku 7. Kwetu hiari hii ya kurudi nyuma ni ya kale. Mtume alimwambia mtu aliyekuwa akipunjwa sokoni: ukinunua sema, hakuna kulaghaiana. Na Mashafi wanaruhusu kushartisha hiari ya siku tatu. Basi shartisha kwa maandishi, beba mkataba ukausome hotelini kwako, uulize ada ya matunzo inapandishwa na nani na mwisho wake ni wapi, na ukifa inakuwaje. Wakikataa usisaini, umeshapata jibu. Kama tayari umesaini na siku hazijaisha, andika barua ya kujitoa usiku huo huo, na kwa njia ile ile ambayo mkataba wenyewe umeitaja.

Mama, bidhaa ulizokwisha kuuza, andika orodha na bei zake, na pesa zake zirudi katika fungu la mirathi kabla ya kugawa. Gharama za mazishi zitoke kwanza, kisha madeni yenye ushahidi, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha wewe thumni yako na wengine mafungu yao. Barua itakayotoka kwa kampuni, hata ikiwa na muhuri mwekundu na maneno ya mahakama, usiijibu peke yako. Ipeleke kwa avoka kwanza.

Wallahu aalam.