Msingoje seli za maabara: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama wewe na mumeo mngoje kwanza kabla mtoto hajapandikizwa uloto wa dada yake (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), maana umesoma kwamba seli shina za damu, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine zote za damu, sasa zinakuzwa maabara, na huenda mjukuu wangu akapona selimundu, ugonjwa wake wa damu wa kurithi, bila dada yake kuguswa. Nimefanya kazi maabara ya damu miaka mingi, na jibu langu ni moja: msingoje.

Habari yenyewe ni ya kweli na imenifurahisha mno. Mwaka 2024 watafiti wa Melbourne, Australia, walitangaza kwamba wamerudisha seli za binadamu katika hali ya uchanga kabisa, kisha wakaziongoza hatua kwa hatua hadi zikawa seli shina za damu. Walipowadunga panya, zilishika kwenye uloto na kutengeneza damu. Lakini ni panya, mama, na si kwa wote zilishika.

Ugumu uko hapa. Seli shina ikitoka mfupani hukimbilia kukomaa: inageuka seli nyekundu, nyeupe, chembe sahani za kugandisha damu, na ushina wake unakwisha. Mgonjwa anahitaji ile inayojizalisha maisha yake yote. Mwaka 2019 kundi la mtafiti Hiromitsu Nakauchi liliondoa albumini, protini ya damu, kwenye kimiminika cha kukuzia seli, likaweka polima, kemikali inayotumika pia kwenye gundi. Seli shina za panya ziliongezeka kati ya mara 236 na 899. Kitu kidogo namna ile! Kwa seli za binadamu ilibidi watafute njia nyingine.

Kilichokwisha kufika kwa wagonjwa ni omidubicel, iliyoidhinishwa Marekani Aprili 2023. Seli za damu ya kitovu hukuzwa pamoja na aina ya vitamini B3. Ila idhini hiyo ilikuwa kwa wenye saratani za damu, wa miaka 12 na zaidi. Mwanao hayumo.

Wakati huo selimundu haipumziki. Kiharusi, mapafu, figo: kila mwaka una madhara yake, na uloto wa ndugu anayelingana hufanya vizuri zaidi mtoto akiwa bado mdogo. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Hata kama dada amebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua, anaweza kutoa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawapandikiza watoto uloto. Hamtalazimika kwenda India.

Mpelekeni binti apimwe kama uloto wake unalingana na wa ndugu yake. Mwelezeni mapema, kwa maneno ya umri wake, kwamba atalazwa usingizi, uloto utavutwa kwenye mfupa wa nyonga, na mwili wake utaurudisha. Ninyi mwulizeni daktari kuhusu dawa kali za kufuta uloto wa zamani, hasa hatari ya utasa, kabla ya kusaini chochote. Haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, isikatizwe bila daktari kusema.

Mkipangiwa tarehe nijulisheni, nije nikae na watoto.

Mama yako